Mashindano yangu ya kwanza ya chesi ya mezani: refa nyota tano, ratiba nyota mbili

Nianze na kilichoniudhi ili nikija kusifia msidhani nimehongwa. Tangazo lilisema raundi ya kwanza ni saa 3 kamili asubuhi. Mi saa 2 na nusu nishafika, nimeoga, kalamu mbili mfukoni, na mpaka saa 3 na dakika 40 tulikuwa bado tumesimama nje ya ukumbi kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Kisa? Walikuwa bado wanaandikisha watu. Yaani mtu kaamka siku hiyohiyo kaamua aje acheze, anapokelewa, anaingizwa kwenye kompyuta, orodha inapangwa upya, anatokea mwingine anahema, inapangwa tena. Sisi tuliolipa wiki mbili kabla tunatazamana tu. Fungeni uandikishaji usiku wa kuamkia mashindano jamani, atakayechelewa atakuja mara nyingine.

Kwa ambaye hajui naongelea nini, ni mashindano ya wikendi ya chesi, siku mbili, raundi tano, ubao mezani na mtu mzima mbele yako anapumua. Kila mchezaji anapewa dakika 60 na kila akicheza hatua anaongezewa sekunde 30. Mi nimecheza mtandaoni miaka kama minne hivi, gemu za dakika 3 na za dakika 5, nyingi usiku nikiwa kitandani, nikajiona nimeiva. Jina la waandaaji sitaji, wengi wao wanajitolea na bado nataka kuendelea kucheza, nachotaka kusema ni nini nilipata kwa kiingilio changu na nini sikupata.

Turudi kwenye ratiba maana zile dakika 40 zilizaa watoto. Kwenye mfumo huu raundi mpya haipangwi mpaka gemu zote za raundi iliyopita ziishe, zote kabisa, hata ile ya meza ya mwisho kule pembeni, kwasababu watu wanapangwa kwa pointi walizonazo. Sasa kulikuwa na meza moja, jamaa wamebaki na ngome moja moja na askari wachache, hakuna anayetaka sare, wakaenda mpaka hatua 130. Piga hesabu mwenyewe, dakika 60 za mwanzo jumlisha nusu dakika mara 130, hiyo ni dakika 125 kwa kila mmoja, wakizitumia zote wawili ni zaidi ya saa nne. Na raundi ya pili ilitakiwa ianze saa 7 mchana! Wale wawili siwalaumu, wana haki ya kucheza mpaka mwisho, tena tulibahatika, mwaka 1989 kule Belgrade Nikolić na Arsović walipigana hatua 269, zaidi ya saa 20, na ikaisha sare. Ninaemlaumu ni aliyekaa akaandika ratiba ya raundi kila baada ya saa nne bila hata dakika moja ya akiba, alafu yeye mwenyewe akaanza kwa kuchelewa. Raundi ya pili ikaanza saa 8 na nusu, ya tatu saa 1 usiku, natoka pale saa 4 kasoro kichwa kinavuma kama jenereta, na kesho yake saa 3 asubuhi tunatakiwa tena. Katikati ya hapo hakuna aliyetutangazia chochote, karatasi ya raundi inabandikwa ukutani kimyakimya, ukiwa umetoka kunyoosha miguu unarudi unakuta saa yako inakimbia.

Tangazo lenyewe lilikuwa na aya nzima ndefu kuhusu mavazi, kaptula hapana, kandambili hapana, na kuhusu muda wa kupumzika hakuna hata mstari. Mambo ya mavazi nayo bana, Desemba 2024 Magnus Carlsen mwenyewe, bingwa wa dunia mara tano, alijitoa mashindano ya dunia ya rapidi (chesi ya muda mfupi) kule New York sababu ya jinzi, alafu akarudi kucheza ya blitsi (ya muda mfupi zaidi) baada ya kanuni kulegezwa. Kwetu alikuja mmoja na jinzi iliyochanika magotini na wala hakuna aliyemwambia kitu, kwahiyo sijui ile aya ilikuwa ya nini.

Haya, sasa gemu zenyewe.

Raundi ya kwanza nilikaa meza ya juujuu nikafurahi kumbe ndo mfumo ulivyo. Wanaita mfumo wa Uswisi, ulianza kutumika Zürich mwaka 1895, na uzuri wake ni kwamba hakuna kutolewa, ukipigwa unabaki, unakutana na waliopigwa wenzako, raundi tano unacheza zote tano. Hapo kiingilio kinalipa kabisa, maana mashindano ya mtoano mimi ningerudi nyumbani saa 6 mchana. Ila raundi ya kwanza orodha inapangwa kuanzia mwenye reitingi (ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji) kubwa mpaka asiyekuwa nayo, inakatwa katikati, wa kwanza wa nusu ya juu anakutana na wa kwanza wa nusu ya chini, wa pili na wa pili, hivohivo. Sisi tusio na reitingi tuko chini, kwahiyo kila mmoja wetu anaanza na simba. Kama unaenda mara ya kwanza jua hilo mapema usije ukalia chooni.

Simba wangu alikuwa mzee mmoja mpole, shati la mikono mirefu, alinipa mkono, akaandika jina langu vizuri kwenye karatasi yake, akakaa. Na hapa ndo niligundua kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: ubao wa kweli sio ule wa kwenye simu. Kwenye simu unautazama toka juu, bapa, kila kitu sawasawa. Mezani unautazama kwa ubavu, farasi wako wa mbele anaficha askari wa nyuma, mstari mrefu wa mshazari toka kona hadi kona huuoni mpaka uinue shingo, na kete zinazorudi nyuma ndo kabisa hazionekani. Hamna mraba unaowaka kukuonyesha alichocheza mwenzio. Ukigusa kete hakuna vidoti vya kukuambia inaweza kwenda wapi. Hatua ya 17 askofu wake alirudi toka mraba wa g5 mpaka e3, hatua moja ya kawaida ya kurudi nyuma, na mi nilikuwa nimeshamtoa akilini kabisa, nikapoteza askari, baadae nikapoteza farasi, baadae nikapoteza hamu.

Alafu kuandika. Kila hatua unaandika, yako na yake, hakuna msamaha, kwasababu ukiwa na nyongeza ya sekunde 30 au zaidi unalazimika kuandika mpaka mwisho hata ukibakiwa na sekunde 20. Miaka minne sijawahi kuita mraba jina. Nilikuwa nainama nahesabu kwa kidole a, b, c, d, e, na nikiwa na nyeusi herufi zinaanzia upande wa pili, mzee ananisubiri kwa heshima. Karatasi yangu ya raundi ya kwanza ina hatua mbili ambazo kwenye chesi hazipo.

Kupigwa nako sio kama mtandaoni. Mtandaoni ukipigwa unabonyeza gemu mpya, sekunde tano umeshasahau, au unazima simu unalala. Hapa lazima useme mwenyewe nimekubali, umpe mkono, umtazame usoni, usaini karatasi yake naye asaini yako, mrudishe kete zote kwenye nafasi zake mkiwa wote wawili mnajua nani kampiga nani, alafu mtembee pamoja mpaka meza ya matokeo. Ule mwendo wa hatua kama thelathini hivi ndo mrefu kuliko gemu. Mzee akaniambia taratibu, "Kijana, ulicheza vizuri mpaka ulipoanza haraka." Nina dakika 38 zimebaki kwenye saa! Nilicheza gemu ya saa nzima kwa mwendo wa dakika tano, mazoea.

Raundi ya pili lazima niisimulie. Nikapangwa na mwenzangu, naye hana reitingi, naye ametokea mtandaoni, tumejuana tu kwa jinsi tulivyoshika kalamu. Kwenye simu saa inajibonyeza yenyewe ukicheza, hapa ukisahau kubonyeza muda unaoliwa ni wako, na mpinzani hana wajibu wowote wa kukukumbusha. Mimi nikacheza hatua, nikaandika, nikasahau kubonyeza. Nikamsubiri. Yeye akaona nimekaa, akadhani bado nafikiria labda nataka kubadilisha kitu, naye akasubiri. Tumekaa hivo, wawili wazima, mikono mashavuni, tunautazama ubao kama tunasoma kitabu, dakika 7 za saa yangu zikaisha mpaka refa aliyekuwa anapita akasimama, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka bila kusema neno kwasababu haruhusiwi kusema. Sura yake tu ndo ilinishtua. Nikabonyeza. Jamaa akaanza kucheka chini chini, nikacheka, tukanyamazishwa na meza ya jirani. Nilishinda ile gemu lakini kwakweli hakukuwa na mshindi pale.

Sasa refa. Kama kuna sababu moja ya kwenda mashindano haya ni huyu mtu na wasaidizi wake wawili, na nadhani watu wanaochagua mashindano kwa kuangalia zawadi wanakosea, wangeuliza kwanza refa ni nani.

Mfano raundi ya tatu, usiku ule wa uchovu. Nina nyeusi. Nataka kumficha mfalme, ile kasilingi ya upande mfupi, mfalme na ngome wanasogea kwa hatua moja, na mtandaoni nimezoea kuburuta chochote kinachokuja. Nikachukua ngome toka h8 nikaiweka f8, nikaiachia, mkono unakwenda kwa mfalme. Mpinzani wangu, mdada mmoja mkimya sana, akasimamisha saa akanyoosha mkono juu. Refa akaja, akainama, akamsikiliza yeye kwanza, akanisikiliza mimi, hakupandisha sauti. Akanieleza kwamba kasilingi inaanza na mfalme, kwa mkono mmoja, ukianza na ngome basi umecheza ngome, na umeshaiachia, kwahiyo hatua yako ni ngome f8, bonyeza saa tuendelee. Dakika moja na nusu jumla. Mfalme wangu akabaki katikati ya ubao kama mtu aliyefungiwa nje na mvua inakuja, na kwakuwa ile ngome imeshasogea upande ule hakuna tena kujificha. Nilipigwa hatua 24.

Kwa dakika kumi nilimchukia yule mdada. Baadae nikakumbuka ile ya mashindano ya Linares, Hispania, 1994, bingwa wa dunia Kasparov anacheza na Judit Polgár aliyekuwa na miaka 17, akasogeza farasi, akaachia, akaghairi akaweka pengine, video ikaja kuonyesha kabisa vidole viliachia kete kwa robo sekunde hivi, ila mezani binti hakudai, na gemu akapoteza. Bora huyu wangu alivyonyoosha mkono. Sheria ya ukigusa umegusa ndo inafanya ule ubao uwe na uzito, mkono wako unakuwa ni neno lako. Toka siku ile nakaa nimekalia viganja.

Kitu kingine nilichojifunza kwa kumtazama tu refa akifanya kazi: ukicheza hatua moja kwa mikono miwili alafu ukabonyeza saa, hiyo inahesabika hatua haramu. Hatua haramu ya kwanza mpinzani anaongezewa dakika mbili, ya pili gemu imeisha umepigwa. Meza ya jirani ilitokea, jamaa anakula kete kwa mkono wa kulia anaondoa iliyoliwa kwa wa kushoto, haraka haraka kama anapanga nyanya. Akaongezewa mwenzie dakika mbili, akabaki ameduwaa.

Simu nazo walizipanga vizuri, nawapa sifa. Mlangoni kuna bahasha zenye namba, unazima, unaweka, unapewa kinamba chako. Kuna mmoja alijifanya mjanja akaiacha kwenye begi, wala haikuwa kupigiwa, ni alamu aliyoweka mwenyewe ya saa 10, na simu nyingi alamu inaita hata ukiweka kimya. Ukumbi mzima ukageuka. Gemu yake ilikuwa nzuri tu, ana askari wawili zaidi, refa akasogea akasimamisha saa, pointi kwa mpinzani, kwisha. Akataka kubisha, akaambiwa kwa upole kwamba hii kitu haichagui mtu, Ruslan Ponomariov akiwa bingwa wa dunia wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia, simu yake iliita Plovdiv, Bulgaria, Oktoba 2003, kwenye ubingwa wa timu za Ulaya, raundi ya kwanza, akapoteza gemu hapohapo, na siku hiyo ndo alikuwa anatimiza miaka 20. Sijui refa anatembea na hii hadithi siku zote au aliitafuta kwa ajili ya yule jamaa, ila ilifanya kazi, jamaa akakaa chini.

Raundi ya nne ndo iliyonifanya nimpe nyota ya tano. Nimeshikwa vibaya, nina malkia na mfalme wangu hana pa kujificha ila na yeye mfalme wake yuko wazi, nikaanza kumpa cheki, yaani namshambulia mfalme, cheki, cheki, anazunguka nazunguka. Nikahesabu nafasi ileile itakuja mara ya tatu. Mtandaoni kompyuta inasema sare yenyewe. Mezani inabidi udai, na kuna namna yake: hatua itakayoleta mara ya tatu unaiandika kwenye karatasi bila kuicheza, unasimamisha saa, unamwita refa unamwambia nadai sare. Hilo nilikuwa nimelisoma usiku wa jana yake kitandani kwa hofu baada ya ile aibu ya ngome. Tatizo karatasi yangu ilikuwa haisomeki, hatua ya 31 nimeiandika mara mbili na ya 38 sikuiandika kabisa. Nikajua hapa nimekwisha. Refa akachukua karatasi ya mpinzani, akatupeleka meza ya pembeni yenye ubao mwingine, akapanga upya kila hatua, taratibu, kete moja moja, anaweka alama kila nafasi inapojirudia, moja, mbili, na hii ulioandika ni ya tatu. Sare. Mpinzani wangu alikasirika lakini hakuwa na la kusema maana ushahidi ulikuwa ni mwandiko wake mwenyewe. Kama mashindano yangekuwa na refa wa kubahatisha ile nusu pointi nisingeiona.

Vifaa vilikuwa sawa, sina maneno mengi. Kete za Staunton, lile umbo la kawaida la mashindano, za plastiki zenye uzito, mfalme wa sentimita 9 na nusu kama FIDE wanavyopendekeza, ubao wa kukunja miraba mikubwa. Saa za kidijitali moja mbili betri zilikuwa zinakata roho ila zikabadilishwa na muda ukarudishwa ulivyokuwa. Viti ni vigumu. Nenda na kitu cha kukalia, sitanii, saa tatu ni saa tatu. Taa ya upande wa kulia wa ukumbi ilikuwa inapepesa na aliyekaa chini yake raundi mbili mfululizo alikuwa mimi. Ile nyongeza ya sekunde 30 ambayo nimeilaumu kwa ratiba, kwenye gemu naitetea, ni wazo ambalo Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani, aliliombea hataza mwaka 1988, na maana yake ni kwamba hata ukibaki mkavu kabisa wa muda unapata nusu dakika ya kupumua, huwezi kupigwa na saa ukiwa na ngome mbili zaidi. Tatizo ni mwenye ratiba tu, saa haina kosa.

Raundi ya tano nilishinda na sitaielezea, jamaa alichoka kuliko mimi basi. Ila kilichofuata ndo bora kuliko kushinda. Nje ya ukumbi kuna chumba kidogo chenye mbao za ziada, mkimaliza mnaenda pale kuipitia gemu mliyotoka kucheza. Sio kompyuta, nyie wenyewe wawili. Nikadhani mtu niliyempiga ataondoka zake, kumbe yeye ndo aliyeniita. Tukaipanga tangu mwanzo, akanionyesha hatua ya 14 ambayo mi nilidhani nimemshika na yeye alikuwa na jibu la kuniua, hakuliona tu kwa sababu ya uchovu. Yule mzee wa raundi ya kwanza akapita, akasimama, akaingiza mkono, "hapana hapana, farasi anaenda hapa," wakaja wengine wawili, baada ya muda ubao una mikono mitano na kila mtu anabisha, nimejifunza pale kwa dakika 50 kuliko mwaka mzima wa kubonyeza gemu mpya. Kwenye mtandao mashine inakuambia umekosea, haikuambii ulikuwa unawaza nini. Waandaaji kile chumba hawakukitaja popote kwenye tangazo! Ningekuwa mimi ningekiweka mstari wa kwanza kabla ya zawadi.

Zawadi nazo nitapita haraka, walipewa watatu wa juu na za makundi ya umri, na kukawa na manung'uniko maana watu wawili walifungana pointi 4 wakigombea nafasi ya tatu, mmoja akaondoka mikono mitupu kwa Buchholz, ile ya kujumlisha pointi za wapinzani wote uliokutana nao, wapinzani wa nani walifanya vizuri zaidi. Ni haki kihesabu ila hakuna aliyewaeleza kabla, jamaa akatangaziwa tu. Ilikuwa kwenye kanuni zilizobandikwa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Na hapa niseme la mwisho ambalo nalo halikuandikwa. Tangazo lilisema kwa wino mzito MASHINDANO YA REITINGI YA FIDE, na mi pointi mbili na nusu kati ya tano nikaona basi, mwezi ujao natafuta jina langu. Zile hesabu za reitingi za profesa Arpad Elo, mwalimu wa fizikia, ambazo FIDE wanazitumia tangu 1970, nikazisoma nikajipigia kabisa reitingi yangu itakuwa ngapi. Na tangu Machi 2024 reitingi haianzii chini ya 1400, kwahiyo nikajua hata nikiwa mbovu vipi sio chini ya hapo. Orodha ikatoka, nikatafuta, nikabadilisha mpangilio wa jina, hamna. Nikawaandikia waandaaji, wakajibu siku hiyohiyo, vizuri tu: ili upate reitingi ya kwanza lazima uwe umecheza gemu tano na watu wenye reitingi. Mi nilicheza nne. Ya tano ni ile ya raundi ya pili, mimi na yule mwenzangu tuliosubiriana dakika 7.

Gemu zangu nne zinatunzwa, nina miezi 26 ya kutafuta moja iliyobaki. Nimeshajiandikisha mashindano yao yajayo, na safari hii tangazo limeandikwa uandikishaji unafungwa usiku wa Ijumaa. Tutaona.